Likembe Haiko Piano: juu ya hesabu ndogo inayonyoosha muziki wetu

Kuko hesabu moja ambayo kila kijana anayejifunza kutengeneza sauti kwa ordinatere anakutana nayo siku ya kwanza ao ya pili. Inasema hivi: hesabu nusu-toni unazotaka kupanda, gawanya kwa 12, weka matokeo kama kipeo cha 2, kisha zidisha na frekansi uliyotoka nayo. Mstari mmoja tu. Ku Pure Data imefungwa ndani ya kisanduku kinachoitwa mtof. Ku SuperCollider inaitwa midiratio. Ku Csound inaitwa semitone. Zote tatu ni programu za bure, mwanafunzi yeyote mwenye ordinatere na megabaiti kidogo anaweza kuzipata, na njo maana ninazitaja hizo, si zile za dola mia tano ambazo hapa tunazionaka tu kwa kopi za kuvunjwa.

Nataka niisome hesabu hiyo sawa vile wenzetu wa Lettres wanasomaka riwaya. Inasema nini? Inanyamaza juu ya nini? Na anayeitumia bila kuuliza anapoteza nini? Mutauliza agronome anatafuta nini mule. Vumilieni, udongo utafika.

Kwanza nianze na sifa, juu inazistahili. Sikio la mtu halihesabu kwa kujumlisha, linahesabu kwa kuzidisha. Sauti ya 55 Hz na ya 110 Hz, sikio linasema "ni ileile, moja iko juu". Sauti ya 440 na ya 880, sikio linasema jambo lilelile. Kati ya mbili za kwanza kuko tofauti ya mitetemo 55 kwa sekunde, kati ya mbili za mwisho kuko 440, lakini kwa sikio umbali ni mmoja: mara mbili. Tunauita oktava. Ukitaka kugawanya oktava katika hatua 12 zilizo sawa kwa sikio, unatafuta namba ambayo ukiizidisha yenyewe mara 12 inakupa 2. Namba hiyo ni 1.05946 na kitu. Njo nusu-toni ya piano. Hakuna uchawi.

Kwa sisi tuliopita ku labo ya udongo, hii haiko ngeni. pH iko vilevile. Ukiwa na sampuli moja ya pH 4 na nyingine ya pH 6, mtu wa haraka atasema wastani wa asidi ni 5. Lakini ukirudi ku ioni zenyewe, ukazijumlisha na kugawanya kwa mbili, unapata pH karibu 4.3. Kati ya 200 Hz na 400 Hz pia, katikati kwa sikio hakuko 300. Katikati kuko 282.8. Ile 300 imekwisha kupita nusu ya njia, iko ku kwinta, sauti ambayo mwanakwaya yeyote anaijua.

Sasa, malalamiko yangu ya kwanza hayaendi kwa hesabu yenyewe. Yanaenda kwa namna inavyofundishwa. Katika masomo mengi ya video na vikaratasi vinavyozunguka ku telefone, hesabu hii inaletwa kama dawa ya kumeza: andika hivi, usiulize. Matokeo ni kwamba watu wanaibadilisha kwa zile wanazoona rahisi zaidi, na hawajui wanaharibu wapi. Kuko wale wanaojumlisha Hz. Mtu anaona kutoka 220 kwenda toni moja juu ni karibu 247, basi anaandika ku kodi: toni moja ni 27. Kule chini inaimba vizuri. Anapanda oktava mbili, anajumlisha 27 ku 880, anapata 907, na hapo toni yake imekuwa kama robo ya toni. Anasema mikro ni mbaya.

Kosa la pili liko la akili zaidi, na mimi njo ninalolipenda kulionyesha kwa wadogo zangu, juu linajificha. Mtu anasema: oktava inaongeza asilimia 100, nusu-toni ziko 12, kwa hiyo kila nusu-toni ni asilimia 8.33. Anajaribu programu yake na oktava: 12 mara 8.33 ni 100, sauti inakuwa mara mbili sawasawa. Anafurahi, anafunga ordinatere, analala. Hajui kwamba ncha mbili tu njo ziko sahihi. Ku nusu-toni ya 7, anapozidisha na 1.583 wakati alipaswa kuzidisha na 1.498, kwinta yake imepanda karibu nusu-toni nzima. Ni sawa na fundi anayepima ukuta kwa kuangalia nguzo za pembeni tu, katikati ukuta umefura tumbo. Mwalimu aliyeandika hesabu bila kuonyesha kosa hili, kwangu hajafundisha. Ameazima tu.

Lakini hayo ni makosa ya hesabu, na makosa ya hesabu yanaponaka. Lile linalonikalia moyoni ni lingine: ile namba 12.

Iko pale kwa sababu gani? Usome maelezo ya programu nyingi, hakuna anayekuambia. 12 imekaa pale kama 9.81 inavyokaa katika kanuni za fizikia, kama vile dunia yenyewe njo ilituma. Haiko kweli. 12 sawa-sawa ni mapatano ya watu wa Ulaya wenye vinanda vya funguo. Walikuwa na shida: kwinta safi ni 3 kwa 2, yaani 1.5, na tersi safi ni 5 kwa 4, yaani 1.25. Ukipanga kinanda kwa uwiano huo safi, kinaimba kama malaika katika ufunguo mmoja na kinalia kama paka katika mwingine. Basi wakakubali kuharibu kila kitu kidogo ili kila ufunguo ukalike. Kwinta ya piano ni 1.4983, imekosa kidogo sana. Tersi ya piano iko juu ya ile safi kwa senti karibu 14, na kwaya nzuri isiyo na kinanda inairudisha chini yenyewe bila mtu kuiambia. Kwa hiyo hata kwao, 12 ni dili. Na ile 440 ambayo mtof inaanzia nayo ni dili pia: ilipitishwa ku mkutano wa London mwaka wa 1939, kisha ISO ikaiandika. Watu walikaa, wakasema, wakapiga kura. Na wengine nao wangeweza kukaa na kupitisha yao.

Nimetaja senti. Senti ni kipimo cha Alexander Ellis, Mwingereza, aliyekiweka mbele ya watu mwaka wa 1885: oktava moja ni senti 1200, nusu-toni ya piano ni senti 100. Ellis alipima vyombo vya nchi nyingi, akisaidiwa na masikio ya Alfred Hipkins, mtu wa pianofote, na akamaliza kwa kusema kwamba skeli ya muziki haiko moja, wala haijatokana na sheria moja ya asili. Ziko nyingi na zinaachana sana. Muone kichekesho: mtu aliyesema skeli za dunia ni nyingi njo huyohuyo aliyetuachia rula iliyokatwa kwa vipande vya piano. Simlaumu. Rula ni rula. Ukipima shamba la mihogo kwa mita, mihogo haigeuki kuwa Mfaransa. Shida inakuja pale mtu anapopinda shamba ili lifuate alama za rula.

Na njo tunafika ku likembe.

Tuchukue mfano wa hesabu, si wa mtu fulani. Tuseme likembe ina lamela zinazopanda hivi: 200, 230, 264, 303, 348, kisha 400 Hz. Gawanya kila moja kwa iliyotangulia, utaona uwiano unarudi karibu uleule, 1.15 hivi. Ni oktava iliyokatwa katika hatua tano zinazokaribia kuwa sawa, kila hatua senti karibu 240. Sikuitoa hewani. Kwa jirani zetu wa Buganda jambo hili limepimwa zamani: mwaka wa 1950 Klaus Wachsmann aliandika ndani ya jarida la Nature juu ya kinubi cha Waganda kilichotegwa kwa hatua zilizo sawa. Kwa kweli kila mpigaji anaachana kidogo na hesabu kamili, na kuachana huko njo saini yake. Lakini mwelekeo ni huo.

Sasa pitisha likembe hiyo ndani ya programu inayojua namba nzima tu, inayopeleka kila sauti ku nusu-toni ya karibu. Senti 240 inakuwa 200. Senti 480 inakuwa 500. 720 inakuwa 700. 960 inakuwa 1000. Hesabu hatua mpya: 200, 300, 200, 300, 200. Hatua tano zilizokuwa sawa zimekuwa ndogo, kubwa, ndogo, kubwa, ndogo. Mnaona kilichotokea? Mtu anadhani ameisafisha skeli. Ameitoa, akaweka nyingine mahali pake, ile ya funguo nyeusi za piano. Wimbo uliotengenezwa ili uweze kuhamishwa hatua moja juu na ubaki na sura yake, jambo ambalo Waganda wana jina lake kabisa, miko, sasa ukiuhamisha unabadilika sura. Ni kama mtu akupimie mistari ya mahindi ya sentimita 75 kila moja, kisha mashine iipange 60 na 90, 60 na 90, juu mashine inajua makumi matatu tu. Utavuna, ndiyo. Lakini usiseme ni shamba lako.

Rafiki yangu mmoja anatengeneza biti hapa mjini. Alirekodi baba yake mkubwa, mzee aliyetoka Kabare, anapiga likembe yake ya lamela kumi na moja. Rekodi ilikuwa safi. Akaipeleka ku studio moja wakamwekea ngoma na besi, na katika kazi hiyo wakapitisha likembe ndani ya programu ya kunyoosha sauti, juu besi na likembe zilikuwa "zinagombana". Siku ya kumsikilizisha mzee nilikuwepo. Mzee aliweka kasiki ku masikio, akafunga macho, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mutoto wangu, mikono ni yangu. Likembe haiko yangu." Rafiki yangu akamjibu kwa heshima, "Mzee, wameirekebisha tu kidogo." Mzee akauliza, "Ilikuwa mgonjwa?"

Swali hilo lingepaswa kubandikwa ku kila studio. Juu lile neno, kurekebisha, linabeba hukumu ndani yake. Hakuna mtu anayesema programu imebadilisha likembe. Wanasema imeirekebisha. Ile besi ya ordinatere njo ilipaswa kuhamia kwa mzee, na kuihamisha ni mstari mmoja wa kodi, wakati likembe ni chuma kilichofuliwa na kusogezwa kwa mkono, milimita kwa milimita, na nta ya nyuki chini ya lamela pale inapohitaji kushuka. Kati ya hivyo viwili, kipi ni rahisi kusogeza?

Hapa njo udongo unaingia. Wote mliofanya agronomia munajua hadithi ya 17-17-17. Mfuko mmoja, pendekezo moja, kwa shamba la volkano la Rutshuru na kwa udongo mwekundu wa Walungu wenye asidi. Ku wa kwanza inasaidia. Ku wa pili, fosfori inashikwa na alumini na chuma, mmea unaiangalia tu, na mkulima anaambiwa hakufuata maelekezo. Hakuna aliyesema uongo ku mfuko. Namba zote ni sahihi. Ila aliyeandika pendekezo hakuuliza huu ni udongo gani, ungehitaji chokaa kwanza ao hapana. Hesabu ya 12 iko vilevile: sahihi kabisa, na haijauliza.

Mbele ya kuendelea, nitoe haki kwa upande mwingine, juu nimesikia ndugu wengine wanakimbilia ku pembe ya pili. Wanasema: muziki wa Afrika hauhesabiwi, ni roho, ni mababu, achaneni na Hz. Mimi siwafuati hata hatua moja. Mzee anayesogeza lamela, anasikiliza, anairudisha, anasikiliza tena, anapima. Hana namba za kuandika lakini ana uwiano ndani ya sikio lake, na uwiano huo ni mkali kuliko wa wengi wetu wenye digri. Kumwambia kwamba kazi yake haihesabiki ni kumtukana kwa maneno matamu. Na kuna jambo la kawaida zaidi: wazee wanaondoka. Likembe inabaki ukutani, lamela zinasogea, kutu inashika, na siku mjukuu anataka kuipiga hakuna anayekumbuka ilitegwa vipi. Rekodi yenye namba inakumbuka.

Mtu aliyeelewa hilo mapema alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, aliyepita hata hapa Kongo wakati wa Wabelgiji akiwa na mashine zake za kurekodi, na aliyeanzisha maktaba ya muziki wa Afrika mwaka wa 1954. Alipima vyombo kwa uma za kutegea, akaandika mitetemo ya kila noti. Kazi hiyo tunamshukuru. Lakini huyohuyo Tracey alitengeneza na kuuza chombo alichokiita kalimba, na akakitega kwa skeli ya meja ya Ulaya, ile ya do-re-mi, ili kiuzike. Njo hiyo leo inajaa ku maduka ya intaneti, funguo 17, na kijana wa Goma akitafuta likembe ku telefone anapewa hiyo. Katika mtu mmoja tunaona mikono miwili: mmoja unaandika namba za wazee ndani ya kadi, mwingine unapeleka sokoni chombo ambacho namba hizo zimefutwa. Na soko limeshinda kadi. Sisemi alikuwa mbaya. Ninasema programu zetu za leo zimerithi mkono wa pili, zimesahau wa kwanza.

Kwa kulinganisha, chukua Congotronics, albamu ya Konono N°1 iliyotoka 2004 kwa Crammed Discs ya Brussels. Mawangu Mingiedi na wenzake wa Kinshasa walikuwa wameunganisha likembe na sumaku zilizookotwa ndani ya vyuma vya magari, na sauti inapita ndani ya spika za zamani mpaka inapasuka. Vincent Kenis, aliyesimamia rekodi, angeweza kusafisha. Hakusafisha. Sikiliza namna likembe tatu zinavyokamatana pale, ile ya besi inavyosukuma chini, na ule mlio mchafu unaozunguka kila noti. Wengi waliandika juu ya uchafu huo kana kwamba njo habari yenyewe. Kwangu habari ni kwamba vyombo viliachwa vitegane vyenyewe kwa vyenyewe. Kila kingine kiliwafuata. Dunia nzima ilicheza, Björk akawaita wapige ndani ya wimbo wake wa 2007, na hakuna aliyekuja kulalamika kwamba hawako ku nusu-toni.

Sasa turudi ku kodi, juu ukosoaji bila kodi ni kelele. Nilipochunguza vizuri, niligundua kwamba hesabu yenyewe iko na nafasi kuliko walimu wake. Mtof inakubali desimali. Ile skeli yetu ya hatua tano, ukitoka ku noti 60, inaandikika hivi: 60, 62.4, 64.8, 67.2, 69.6, 72. Basi. Semitone ya Csound inakubali vilevile, na pembeni yake kuko kazi inayoitwa cent ambayo inapokea senti moja kwa moja. Mlango uko wazi. Anayeufunga ni ile picha ya piano iliyolala pembeni ya skrini, yenye mistari 12 kwa oktava na hakuna kitu katikati, na ile MIDI ya 1983 inayotuma noti kwa namba nzima. Ndani ya MIDI unaweza kukunja sauti, lakini mkunjo unashika chaneli nzima: ukikunja lamela moja, zote zilizo ku chaneli hiyo zinakunjika. Itabidi kila lamela uipe chaneli yake, na chaneli ziko 16. Kwa likembe ya lamela kumi na moja inatosha. Kwa likembe mbili, umekwisha. Mwaka wa 1992 waliongeza kanuni ya kutega noti moja moja, lakini nenda uulize vyombo vingapi vya bei yetu vinaiheshimu.

Na hata desimali zinaniacha na kinyongo. 2.4 ya nini? Ni kama kumwambia mtu wa Bukavu kwamba ndoo yake ni galoni tano na kidogo. Kwa mpigaji wa hatua tano, hatua ni moja. Basi andika kazi yako mwenyewe: uwiano ni 2 kwa kipeo cha n gawanya kwa 5. Ni mstari uleule, umebadilisha namba moja. Na kama likembe unayoipenda haina hatua sawa, achana na kipeo kabisa, weka jedwali: 1, 1.15, 1.32, 1.515, 1.74, na ile ya mwisho uweke uliyoipima, hata ikiwa 1.99 na si 2. Usimlazimishe mzee kuwa na oktava ya kitabu. Wengine wanatumia faili za Scala, ni maandishi matupu, kila mstari hatua moja, na programu nyingi zinazisoma. Angalizo moja tu kule: namba yenye nukta inasomwa kama senti, isiyo na nukta inasomwa kama uwiano. "2" ni oktava, "2." ni senti mbili. Nukta moja inameza muziki wote, na nimeona watu wanatafuta kosa hilo siku mbili.

Mtakaokwenda kupima, kuko mtego. Programu za kutegea gitaa ku telefone zinatafuta sauti za juu zilizo mara mbili, mara tatu, mara nne ya sauti ya msingi, sawa vile uzi wa gitaa unavyofanya. Lamela si uzi. Ni kipande cha chuma kilichoshikwa upande mmoja, na kwa kipande cha namna hiyo nadharia inaweka sauti ya pili karibu mara 6.27 juu ya ya kwanza. Ku likembe yenyewe inaachana kidogo, kulingana na umbo na daraja. Tena kuko vile vipete vya chuma vinavyolia zzz. Telefone inachanganyikiwa, inaruka. Dawa yake: funga vipete kwa kipande cha kitambaa mzee akikubali, piga lamela moja polepole, acha nusu sekunde ya kwanza ipite, kisha angalia spektra ndani ya programu ya bure kama Audacity na usome mlima wa chini ulio mrefu. Rudia mara tano. Andika Hz, si jina la noti. Mtu akiandika "la bemol karibu karibu", ameshamrudisha mzee ku piano.

Ku TFC za vitivo vyetu ninaona rafu nzima juu ya mahindi na mihogo, na ni vizuri, mimi mwenyewe niliongeza moja. Kwa likembe ya mzee wa Kabare sisi watatu tumeandika hadi sasa lamela tisa. Mbili za mwisho zina vipete ambavyo mzee amekataa kuvifunga, anasema bila vipete hiyo haiko sauti yake, kwa hiyo tutarudi Jumamosi na mikro ya kubandika ku ubao tujaribu kuzipima jinsi zilivyo.